Kurekebisha vichezeo kwa mtoto mwenye ulemavu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maelezo haya ni ya wazazi, nyanya, walimu wa chekechea na mafundi wa Kisumu na kaunti za jirani wanaotaka mtoto mwenye ulemavu acheze, si atazame wenzake wakicheza. Karibu kila kitu kilichotajwa hapa utakipata soko la Kibuye, kwa fundi wa redio au jikoni kwako.

Mtoto wangu hachezi. Nimemnunulia vitu, anavitazama tu. Nianzie wapi?

Anzia kwenye kikao chake. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo (ulemavu wa ubongo unaoathiri mwendo wa mwili) anayeteleza kitini hutumia nguvu zote kujizuia asianguke, na mikono haibaki na nguvu ya kufanya lolote. Mtazame kutoka ubavuni. Nyonga na magoti yawe yamekunjwa kama kona ya meza, nyayo zikanyage kitu kigumu, viwiko vilale juu ya meza. Nyayo zikining'inia, weka matofali mawili yaliyofungwa kitambaa. Akiteleza mbele, kunja leso iwe kama kibunda na uiweke chini ya mapaja karibu na magoti. Makalio yatarudi nyuma yenyewe. Meza ikiwa juu kupita viwiko, mabega hupanda na mikono hukakamaa. Ikiwa chini sana, kichwa huanguka kifuani.

Mdogo asiye na kiti mkalishe ndani ya beseni kubwa la kufulia, leso zilizoviringwa zikimshika pande zote mbili. Yule anayejitupa nyuma kila akikalishwa mlaze ubavu: mto chini ya kichwa, blanketi lililoviringwa nyuma ya mgongo, mguu wa juu umekunjwa. Katika mkao huo mikono miwili hukutana mbele ya macho bila kupigana na uzito wa mwili, na watoto wengi hushika kitu kwa mara ya kwanza wakiwa hivyo.

Kisha weka kichezeo katikati, mbele ya kifua, umbali wa sentimita 20 hadi 30. Usikiweke kando. Kwa watoto wengi wenye mtindio wa ubongo, kichwa kikigeuka upande mmoja, mkono wa upande huo hunyooka kama fimbo na ule wa pili hukunjika, hivyo mtoto anakiona kitu lakini hawezi kukileta karibu.

Halafu subiri. Hesabu kimyakimya hadi 20 kabla ya kumsaidia. Mtu mzima huona sekunde tano kuwa nyingi, akashika mkono wa mtoto na kumfanyia, na mtoto akajifunza kwamba kazi yake ni kungoja.

Kila kitu kinamponyoka mkononi. Nifanye nini?

Kuna matatizo mawili hapa, na watu huyachanganya: kitu ni chembamba mno kushikika, au kinamkimbia mezani.

Kilicho chembamba kinenepeshe. Gunzi la hindi lililokauka ni mpini mzuri: toboa katikati kwa msumari, sukuma krayoni, kijiko au kijiti cha ngoma ndani, kisha zungushia kitambaa cha pamba. Badilisha gunzi kila wiki chache kwa sababu mate huliotesha ukungu. Ukitaka kitu cha kudumu, viringisha ukanda wa tyubu ya baiskeli wenye upana wa sentimita 2 mpaka unene ufike sentimita 3 hivi, na umalizie kwa kuufunga kwa uzi. Asiyeweza kufunga vidole kabisa mshonee kitanzi cha ukanda wa kitambaa na velkro kinachozunguka kiganja, chenye mfuko mdogo wa kuchomeka kijiti. Kitanzi kisikaze: kidole chako kimoja kipite kati yake na ngozi.

Kinachokimbia kizuie. Kipande cha tyubu ya gari kilichopasuliwa na kulazwa mezani hushika vizuri, na hata taulo lenye maji kidogo linatosha kwa mchezo wa nusu saa. Sinia la chai lenye kingo huzuia shanga na magari kuanguka. Vitu vidogo vifunge kwa uzi kwenye ukingo wa meza ili mtoto avivute mwenyewe vikianguka. Uzi usizidi sentimita 20, usije ukamzunguka shingoni.

Fumbo la mbao la vipande bapa? Pigilia kizibo cha chupa katikati ya kila kipande kwa skrubu. Vitabu? Gundisha vipande vya sifongo kwenye kona za kurasa ili ziachane, na kiganja kizima kitaweza kufunua.

Nimesikia mtoto asiyeweza kushika kitu anaweza kuendesha gari la betri kwa swichi moja. Inatengenezwaje?

Ni kweli, na hii ndiyo kazi tunayotamani kila fundi wa redio aijue. Zinahitajika sehemu mbili: swichi pana ambayo mtoto anaibonyeza kwa mkono, goti, kisigino au shavu, na kikatizi kinachoingia kwenye nafasi ya betri. Kichezeo chenyewe hakifunguliwi.

Kwa swichi tafuta:
- vipande 2 vya katoni ngumu, sentimita 12 kwa 12
- vipande 2 vya bati la mkebe wa maziwa ya unga, sentimita 7 kwa 7
- sifongo laini ya unene wa milimita 5, sentimita 12 kwa 12
- waya wa spika wenye nyuzi mbili, mita 1.5
- jeki dume ya milimita 3.5 (plagi kama ya vipokea sauti vya masikioni), ya mono, yaani isiyo na pete ya katikati

Mikebe mingi imepakwa rangi au vanishi, na umeme haupiti juu yake. Piga msasa upande mmoja wa kila bati mpaka ung'ae, kunja kingo zake na uzifunike kwa tepu kwa sababu zinakata kama wembe. Chomelea uzi mmoja wa waya kwenye kila bati kwa risasi ya kuchomelea. Usitumie karatasi ya aluminiamu badala ya bati: risasi haishiki aluminiamu, na karatasi yenyewe huchanika baada ya siku chache. Gundisha kila bati katikati ya katoni yake, upande uliopigwa msasa ukitazama nje. Kata dirisha la sentimita 8 kwa 8 katikati ya sifongo ibaki fremu ya upana wa sentimita 2. Weka fremu kati ya katoni mbili, mabati yakitazamana, na gundi ikikauka funga kingo kwa tepu. Ukibonyeza katikati, mabati hugusana. Ukiachia, sifongo huyatenganisha. Funika yote kwa plastiki ngumu, maana mate yakiingia, katoni hulegea na bati hushika kutu. Mwisho chomelea ncha mbili za waya kwenye jeki.

Kikatizi ni kidogo zaidi na kinataka utulivu. Kata vipande viwili vya shaba nyembamba, upana wa sentimita 1 hivi kwa betri ndogo. Chomelea waya kwenye kila kimoja kwanza, ndipo ugundishe kipande cha plastiki ya chupa ya maji katikati yake. Ukigundisha kabla, joto la kuchomelea litayeyusha plastiki na shaba zitagusana. Plastiki iwe pana kidogo kuliko shaba kila upande, na kitu kizima kisizidi unene wa milimita 1, la sivyo betri hazitaingia. Ncha za pili za waya ziingie kwenye jeki jike ya milimita 3.5.

Sukuma kikatizi kati ya betri na chuma inachogusa, au kati ya betri mbili zinazofuatana. Chonga kijinafasi cha milimita 3 kwenye ukingo wa kifuniko ili waya utoke bila kubanwa. Washa kichezeo kwa kitufe chake na ukiache kikiwa kimewashwa. Kitanyamaza, kwa sababu kikatizi kimekata njia ya umeme. Chomeka swichi, na mtoto akibonyeza, gari linakwenda.

Redio ya mawe makubwa yenye kitufe cha kuzungusha hufanya kazi kwa namna hiyohiyo, na kwa kijana anayependa muziki wa benga au ohangla inapita kichezeo chochote cha dukani. Redio nyingi za kidijitali hazifai kwa sababu zikikatiwa umeme hazijiwashi tena.

Kazi hii yote ni ya betri. Kitu kinachochomekwa kwenye umeme wa nyumba wa volti 240 hakiguswi.

Nimefuata hatua zote na haifanyi kazi. Kasoro iko wapi?

Kichezeo kinakimbia bila kubonyezwa: shaba za kikatizi zinagusana ukingoni, au sifongo ya swichi imelala. Chomoa swichi kwanza. Kikiendelea kukimbia, kosa liko kwenye kikatizi.

Kimekufa kabisa: hakikisha kitufe chake kimewashwa, kisha gusanisha pande mbili za jeki jike kwa kipande cha waya. Kikiitika, kosa liko kwenye swichi, na mara nyingi ni vanishi iliyobaki juu ya bati. Kisipoitika, kikatizi kimekaa pasipo njia ya umeme. Kihamishie upande wa pili wa betri. Ukitumia jeki ya stirio, waya ziende kwenye ncha na kwenye shina, pete ya katikati iachwe.

Kinaanza kisha kinafifia: betri zimechoka, au risasi ya kuchomelea imeshika vibaya. Risasi iliyoshika vizuri inang'aa na imetandazika. Iliyoshika vibaya imekaa kama tone.

Kuna vichezeo ambavyo, hata vikiwa vimewashwa, husubiri kitufe kingine kibonyezwe ndipo viimbe. Hivyo kikatizi hakivisaidii. Inabidi kuvifungua na kuchomelea nyaya mbili kwenye pande mbili za kitufe hicho, kazi ambayo fundi wa simu mwenye mkono mwepesi anaiweza. Kabla ya kununua, jaribu hivi: washa kichezeo, toa betri moja, irudishe. Kikiendelea chenyewe, kikatizi kitatosha.

Swichi niiweke wapi?

Pale ambapo mwili wa mtoto tayari unasogea kwa kutaka. Mwangalie akiwa na furaha, chakula kinapoletwa au ndugu yake anaporudi kutoka shule. Je, anainua goti? Anageuza kichwa kushoto? Weka swichi njiani mwa mwendo huo na ujaribu mara tano. Akifika mara tatu bila mwili mzima kukakamaa, umepata mahali. Akikakamaa kila mara, badilisha, kwa maana mchezo unaomkaza misuli utamchosha na hatautaka tena. Funga swichi imara kwa velkro. Swichi inayohamahama inamlazimu mtoto kuanza upya kila siku.

Mtoto wangu haoni. Vichezeo vya rangi vina maana gani kwake?

Kwanza jua kama haoni kabisa au anaona kidogo, kwa kuwa wengi wanaoitwa vipofu wanaona mwanga, mwendo au rangi kali. Kwa anayeona kidogo, tofauti ya rangi ndiyo muhimu: mpira wa manjano juu ya kitambaa cheusi, kimoja kwa wakati mmoja. Meza yenye leso ya maua inaficha kila kitu. Mwenye ualbino mketishe kivulini, jua likiwa mgongoni kwake, na usimpe vitu vinavyometa. Jua la saa sita Kisumu ni adhabu kwa macho yake.

Kwa asiyeona kabisa, kitu kikianguka kimetoweka duniani. Ndiyo maana sinia lenye kingo na nyuzi fupi ni lazima kwake, wala si pambo. Kifaa tunachokipenda kuliko vyote ni ubao wa mlio, uliobuniwa na Lilli Nielsen wa Denmark. Plaiwudi ya milimita 4 inauzwa futi 8 kwa 4, kwa hiyo karatasi moja hukatwa katikati ikatoa mbao mbili za sentimita 122 kwa 122. Pigilia vipande vya mbao vya unene wa sentimita 2 kwenye kingo za upande wa chini ili plaiwudi isiguse sakafu. Piga msasa na usipake chochote. Mlaze mtoto juu yake pamoja na vijiko, vifuniko vya sufuria na kibuyu chenye mbegu. Kila anapojisogeza au kugonga, ubao mzima unalia na kutetema mwilini mwake, naye anagundua kwamba ni yeye aliyesababisha. Usiongee wakati anasikiliza. Ukiweka plaiwudi nene, hutapata mtetemo.

Mpira wa kumwita: fungia njuga tatu au nne katikati ya mpira wa matambara. Zamani watoto walifunga mipira kwa mifuko ya plastiki, lakini mifuko hiyo imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, na matambara yanafanya kazi vizuri zaidi kwa sababu mpira unabingirika polepole.

Na asiyesikia?

Mikono na macho yake mara nyingi ni mizima, kwa hiyo vichezeo vingi havihitaji kurekebishwa. Kinachohitaji kurekebishwa ni sisi. Kaa mbele yake, mwanga ukiangukia uso wako; acheze kwanza, kisha akuangalie, kisha umwoneshe ishara. Hawezi kutazama kichezeo na mikono yako kwa pamoja. Jifunze Lugha ya Ishara ya Kenya pamoja naye, kuanzia majina ya vichezeo vyake. Muziki usimnyime: mpe isukuti aikumbatie, kiganja kimoja juu ya ngozi ya ngoma na ubavu wa ngoma kifuani, afuate mdundo kwa mwili.

Mwanangu ana usonji. Anapanga vifuniko vya chupa mstari mmoja saa nzima. Nimkataze?

Hapana. Huo ni mchezo wake. Kaa kando yake na vifuniko vyako, panga mstari wako. Baada ya siku kadhaa weka kimoja mwishoni mwa mstari wake na ungoje. Akikubali, mmeanza kupokezana zamu. Akikitupa, rudi kwenye mstari wako bila neno.

Mwambie kabla ya kuacha mchezo: mwoneshe picha mbili, ya kinachoendelea na ya kinachofuata, au fungua wimbo mfupi uleule kila siku. Anayeziba masikio mfungie spika ya kichezeo kwa tabaka mbili tatu za tepu. Anayetafuta mguso mpe karai la unga, mchanga au nafaka, lakini soma jibu linalofuata kwanza.

Kitu gani ni hatari ambacho watu hawakitambui?

Betri za kitufe, zile bapa za saa na kadi zinazoimba. Zikimezwa huanza kuunguza koo la chakula ndani ya saa mbili. Kama kifuniko hakina skrubu, kichezeo hicho kisiingie nyumbani. Mtoto akimeza, mpeleke hospitali papo hapo, usingoje dalili. Sumaku mbili ni hatari vilevile kwa sababu huvutana kupitia kuta za utumbo.

Mahindi ya mbegu. Huku kwetu huhifadhiwa nyumba ileile wanamochezea watoto, na ile rangi ya waridi au kijani ni dawa ya kuua ukungu na wadudu. Yasiwekwe kwenye karai wala kwenye kayamba. Maharagwe mabichi yana sumu yakitafunwa, na hupenda kuingia puani. Kwa mtoto anayetia kila kitu mdomoni tumia wali uliopikwa ukapoa, au uji mzito.

Maji ya ziwa: kichocho. Mchanga wa ufuoni: uchafu. Maji ya mchezo yatoke kwenye bomba, na mchanga ukaangwe kwenye sufuria kavu mpaka uwe moto kabisa, kisha upoe.

Mabaki ya mbao: kataa zilizopakwa oili chafu na vipande vya nguzo zenye dawa ya kijani.

Kipimo cha vitu vidogo ni kiini cha karatasi ya choo. Kinachopita ndani yake asipewe mtoto wa chini ya miaka 3 wala mkubwa ambaye bado anatia vitu mdomoni. Umri wa cheti haumlindi mtu asikabwe.

Mwenye kifafa asipewe taa zinazomweka haraka, zaidi ya mara tatu kwa sekunde. Mwenye mgongo wazi (spina bifida) mwepushe na baluni na mpira wa asili, kwani wengi wao miili yao huukataa mpira huo. Mpini wake uwe wa kitambaa. Pia hahisi miguu vizuri, kwa hiyo gusa kiti cha bati au mkeka uliokaa juani kabla hajakaa.

Mwalimu anasema mtoto abaki darasani wengine wakicheza, kwa usalama wake. Nimjibu nini?

Mjibu kwa heshima kwamba kucheza na wenzake ni haki. Kifungu cha 30 cha Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, kinataja michezo ya watoto, ile ya shuleni ikiwemo. Kisha mpe njia, kwa sababu mara nyingi mwalimu ana hofu tu.

Kati (mchezo wa kukwepa mpira): mwenye kiti cha magurudumu asukumwe na mwenzake, na wote wawili wahesabiwe kuwa mchezaji mmoja, mpira uwe wa matambara. Brikicho (kujificha na kutafutana): asiyeona awe na mwenza wa kushikana mkono, na wanaojificha wapige makofi mara moja wakiitwa. Blada (kuruka kamba): anayetembea kwa magongo ashike upande mmoja kwa zamu kama wengine, si siku zote; zamu yake ya kuruka ikifika, kamba ilazwe chini, avuke. Ajua (mchezo wa bao): vishimo vikiwa vidogo tumia bakuli za plastiki zilizogundishwa ubaoni, na kete ziwe vifuniko vya chupa. Kalongolongo (kuigiza familia) haihitaji marekebisho ila moja: asiwe mtoto mchanga wa familia kila siku. Naye awe baba, awe konda wa matatu, awe daktari.

Ana miaka 13 lakini anapenda vitu vya mtoto mchanga.

Mpe mguso na sauti anayoipenda ndani ya kitu cha rika lake. Kayamba ya plastiki yenye dubu inaweza kuwa kayamba halisi ya matete. Taa za kichezeo zinaweza kuwa tochi. Watoto wa mtaa humkaribia kijana mwenye redio, na humcheka kijana mwenye manyanga ya kichanga.

Niosheje vitu vyenye waya?

Vifute kwa kitambaa chenye sabuni, kisha kwa kitambaa chenye maji, betri zikiwa nje. Vya plastiki visivyo na umeme vinavyotumiwa na watoto wengi vioshwe kwa sabuni, kisha viloweshwe dakika 10 kwenye maji lita 1 yenye mililita 30 za dawa ya klorini ya asilimia 3.5, visuuzwe na kuanikwa. Vya matambara vichemshwe. Likizo ikifika toa betri zote: zikivuja, unga mweupe hula vyuma vya ndani, na utaanza tena kwa fundi.

Nani atanisaidia kumpima na kuchagua?

Muulizie mtaalamu wa tiba kazi katika hospitali ya kaunti. Yeye ndiye anayejua mikao na mikono. Vituo vya tathmini ya elimu, vilivyoanzishwa nchini mwaka 1984, hupima watoto bila kungoja wafike umri wa shule. Nenda na kichezeo kimoja ambacho mtoto anakipenda na video fupi kwenye simu akiwa nyumbani ametulia, kwa kuwa mbele ya mgeni watoto wengi hugoma na tathmini ikaandikwa kwamba hawezi.